Hitilafu moja shilingi ngapi? Kisa cha wapima gemu wa Mwanza

Kikundi chenyewe ni cha watu wanne na chumba kimoja cha kupanga pande za Kirumba. Wanatengeneza gemu ya simu: unaendesha mtumbwi wa injini ndani ya Ghuba ya Mwanza, unakwepa mawe, unavua, halafu unawahi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kabla bei haijaporomoka. Wamekuwa na vijana sita wa kuijaribu, kwa malipo. Sasa developa wao mkuu amekuja na hoja kwamba kazi ya wale sita inaweza kufanywa na akili mnemba, usiku kucha, bila mtu kuomba bando. Akiba iliyobaki inatosha kitu kimoja kati ya viwili: kuwalipa vijana mpaka gemu itoke, au kununua kompyuta yenye nguvu ya kumwendesha mchezaji wa mashine. Waliniita nikae nao wakiamua. Majina yao na jina la gemu nayaacha, kwa sababu haijatoka na kwa sababu hawajamaliza kugombana.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaidharau. Ukimwambia mtu kwamba fulani analipwa kujaribu gemu, atakuuliza fomu zinachukuliwa wapi. Anadhani ni kucheza. Mpima gemu anapewa ramani moja na kuambiwa agonge kila jiwe kutoka kila upande. Akimaliza, developa anarekebisha kitu kidogo, naye anarudi mwanzo kugonga mawe yale yale, kwa sababu ukirekebisha hapa unaweza kuvunja kule. Anazima data katikati ya mbio. Anaiacha simu ifike asilimia mbili za chaji aone gemu itafanya nini. Anabadili lugha ya simu aone maneno gani yatatoka nje ya kitufe. Kisha anaandika: simu gani, Android toleo gani, alikuwa anafanya nini, kilitokea nini, na je, akirudia kinatokea tena. Taarifa isiyo na hayo haimsaidii developa chochote. Ni kazi ya subira, na kwenye kampuni nyingi za gemu duniani mpima ndiye anayekaa mkiani kwenye orodha ya mishahara.

Hawa sita hawakuwa na mshahara. Walilipwa kwa hesabu: bando la wiki, na shilingi 2,000 kwa kila hitilafu iliyothibitishwa ambayo mwingine hajaileta. Shilingi 2,000 hiyo ndiyo kiini cha kisa hiki kuliko kompyuta yoyote, kwa hiyo msomaji aiweke pembeni kidogo.

Developa hakununua kitu ili kuonyesha hoja yake. Gemu imejengwa kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu, na Unity wana zana ya bure iitwayo ML-Agents, iliyotoka mwaka 2017, inayokuwezesha kumweka ndani ya gemu mchezaji anayejifunza kwa tuzo. Akisogea kuelekea samaki anapata pointi, akigonga jiwe anakatwa, akifika mwaloni anapata nyingi. Mwanzoni anazunguka ovyo. Baada ya kurudia maelfu ya mara anakuwa dereva. Na kwa kuwa yumo ndani ya kompyuta, hafungwi na mwendo wa saa ya ukutani: unaweza kuiharakisha gemu na kuendesha mitumbwi mingi kwa mpigo.

Aliiacha ikifanya kazi usiku kwenye laptopu yake ya zamani, umeme kwa bahati haukukatika, na asubuhi alikuwa na orodha ndefu. Tuliipitia pamoja. Ndani ya gemu kuna Daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, na nguzo moja ya daraja hilo haikuwa na mwili. Mtumbwi unapita katikati yake bila hata kutikisika. Vijana walikuwa wakipita chini ya daraja lile kila siku, lakini nani anauelekeza mtumbwi kwenye nguzo makusudi? Hitilafu nyingine ilikuwa kwenye Jiwe la Bismarck. Ukilijia kinyumenyume, taratibu, kwa pembe fulani, mtumbwi unamezwa na jiwe, unaanguka chini ya ziwa, na unaendelea kuanguka huku geji ya mafuta ikisoma kama kawaida. Hakuna mtu anayeliendea jiwe kinyumenyume. Mashine ilifanya hivyo kwa sababu haikuwa na sababu ya kutofanya.

Hapo nilimpa developa haki yake. Kwa hitilafu za aina hii, za kuta zisizo na mwili na pembe zinazonasa, binadamu ameshapitwa na hakuna haja ya kuona haya kulisema. Wala si uvumbuzi wa Kirumba. Watafiti wa Electronic Arts walichapisha mwaka 2020 kazi yao ya kutumia wachezaji wa aina hii kutafuta matundu kwenye ramani. Kabla ya hapo, mwaka 2018, watafiti wa King, watengenezaji wa Candy Crush, walieleza jinsi walivyoufunza mtandao wa neva kwa kutumia hatua zilizochezwa na watu, ili ukadirie ugumu wa leveli mpya kabla mchezaji yeyote hajaiona.

Kilichofuata kwenye orodha kilinichekesha. Gemu ilikuwa inatoa pointi za kufika salama kila mtumbwi unapogusa gati la mwaloni. Mashine ikagundua kwamba ukisogea nyuma kidogo na kurudi, unapewa tena. Ikaacha kuvua. Ikakaa pale pale ikiingia na kutoka mpaka kunakucha, tajiri kuliko mvuvi yeyote wa Ziwa Victoria. Kuna kisa kinachofanana na hiki karibu neno kwa neno: mwaka 2016 OpenAI walieleza walichokiona kwenye CoastRunners, gemu ya mbio za boti. Mchezaji wao wa mashine aligundua kona yenye shabaha zinazojirudia, akawa anazunguka hapo hapo, akigonga boti nyingine, akishika moto, bila kumaliza mbio hata mara moja. Alama zake zilikuwa juu ya zile za binadamu kwa wastani wa asilimia 20.

Kwa mpima, tabia hiyo ni faida na hasara kwa pamoja. Faida, kwa sababu tundu lile la pointi lingegunduliwa na mtoto yeyote wa Mabatini ndani ya wiki ya kwanza, na kabla ya Jumapili kila grupu la WhatsApp lingekuwa nalo. Hasara, kwa sababu usiku ule mashine iliponogewa na gati, upande wa ramani unaoelekea Ukerewe haukuguswa kabisa. Ikabidi developa azibe tundu, apange tuzo upya, na kuifundisha tena. Kila ramani inapobadilika sana, shughuli hiyo inarudi. Watu wakikwambia mpima wa mashine ni bure, waulize nani anamlea. Pale Kirumba anayemlea ndiye mtu pekee anayeijua kodi yote, yaani maandishi ya programu yanayoiendesha gemu, na saa zake ndizo ghali kuliko kitu chochote mle chumbani.

Sasa vijana.

Mmoja wao ni dada anayefanya uwakala wa fedha za simu, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Simu yake ni Android ya bei ya chini, RAM ya GB 2, laini mbili. Anacheza mteja akiondoka, anaacha mteja akija. Taarifa yake aliituma kwa sauti, na nyuma yake unasikia watu wakibishania bei ya dagaa: "Kaka, nikiwa navua, mteja akija natoka, nafungua programu ya wakala namhudumia. Nikirudi gemu inaanza upya, samaki wote hawapo. Mara ya kwanza nikajua nimebonyeza vibaya. Sasa ni kila mteja. Mimi siwezi kucheza gemu inayoniibia."

Developa alijaribu kwenye simu yake, yenye RAM ya GB 8, na hakuona kitu. Akamjibu kwa upole kwamba huenda ni simu yake. Ilikuwa kweli ni simu yake, na hapo ndipo penye tatizo, maana simu za namna ile ndizo zilizojaa mitaani. Android ikibanwa na kumbukumbu huiua programu iliyoachwa nyuma ili kuipisha iliyo mbele. Gemu nayo ilikuwa inahifadhi mapato yako unapogusa gati tu. Kila kilichokusanywa kati ya gati na gati kinakufa na programu. Dawa yake ilikuwa mistari michache ya kodi: hifadhi kila kitu sekunde ile mchezaji anapotoka. Kuiandika haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Kujua kwamba inahitajika ndiko kulikotaka mtu anayekaa kwenye kibanda cha uwakala.

Kwa nini mashine haikuiona? Kwa sababu inaishi ndani ya gemu na haitoki. Haina mteja dirishani, haina laini ya pili, haipigiwi na mama yake katikati ya mbio. Kwa huyu dada gemu ni kitu kinachokatizwa kila baada ya dakika chache, na mchezaji wa kawaida wa Tanzania anafanana naye yeye kuliko anavyofanana na mtumbwi uliofunzwa kwenye laptopu. Hata ukaguzi wa kujiendesha ambao Google huufanya kwa programu zinazopandishwa kwenye Play Store usingemwokoa. Kitambazi chake hutafuta vitufe vya kawaida vya Android, ilhali gemu ya Unity huchora skrini nzima kama picha moja, kwa hiyo mara nyingi hakioni cha kubonyeza.

Nisiwe mwongo upande wa pili: dada alipokwisha kusema, developa aliandika jaribio la kujiendesha linaloitoa gemu nyuma na kuirudisha, na sasa mashine inalifanya kila usiku bila kuchoka. Ujuzi ulitoka kwa mtu ukaingia kwenye mashine. Yeye alilipwa 2,000, mara moja.

Mwingine aligundua kwamba saa sita mchana, ukiwa umesimama mwaloni, huoni mawe. Mawe yalichorwa ya kijivu kilichoiva juu ya maji ya bluu iliyokolea, yakapendeza sana chumbani chini ya taa, na juani yanapotea yote. Mashine haisomi skrini kwa macho, wala jua haliipigi. Hilo lilirekebishwa siku ile ile.

La dagaa ndilo lililozua ugomvi. Kijana mmoja ambaye mjomba wake ana mitumbwi ya dagaa alifika kwenye leveli ambayo mchoraji anaionea fahari kuliko zote: mwezi mpevu, ziwa linameremeta, taa za wavuvi zimejipanga, na dagaa wanajaa wavuni kuliko usiku mwingine wowote. Akacheka mpaka akaweka simu chini. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Taa inawavuta kwa sababu hakuna mwanga mwingine. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, taa haina nguvu, na wavuvi wa dagaa wanakaa nchi kavu wakishona nyavu na kutengeneza injini. Leveli iliyotakiwa kuwa ya mavuno ilikuwa ni usiku ambao hakuna mtu ziwani. Aliwaambia, "Bro, mkiitoa hivi, kuanzia Igombe mpaka Ukerewe watawacheka. Hawataandika hata malalamiko. Wataifuta tu."

Mashine ilikuwa imeipita leveli hiyo mara nyingi mno bila kulalamika. Kwa nini ilalamike? Hakuna kilichovunjika. Samaki walikuwepo, pointi zilihesabiwa.

Na developa naye alisema hivyo hivyo: hakuna kilichovunjika, kwa hiyo hii si hitilafu, ni maoni. Maoni hayamo kwenye jedwali la malipo. Kijana wa dagaa hakupata kitu.

Tuichukue sasa ile 2,000 tuliyoiweka pembeni. Jedwali la kikundi lilikuwa linanunua kitu kimoja, yaani hesabu ya vitu vilivyovunjika, na kwa hesabu hiyo mashine ililetea kikundi hitilafu nyingi kuliko vijana wote sita wakijumlishwa. Ukiutazama ukurasa wa mwisho wa mwezi, jibu la swali la developa limeandikwa tayari. Lakini lile jedwali lilianza kuharibu mambo hata kabla uamuzi haujafanywa. Mashine ilipoanza kupita usiku, hitilafu nyepesi zilikuwa zimeshaokotwa vijana walipoamka, na nyepesi hizo ndizo zilizokuwa zikiwalipa. Zile nzito, ambazo mtu anakaa nazo siku mbili akitafuta kwa nini gemu inaganda kwenye simu fulani tu, zililipwa bei ile ile ya nguzo isiyo na mwili. Wawili wakaacha kuja. Mmoja wao ndiye wa dagaa.

Kwa nje inaonekana akili mnemba imewaondoa watu wawili kazini. Mimi nasema kilichowaondoa ni bei. Kikundi kilikuwa kikiwalipa watu kwa kazi ya mashine kabla mashine haijafika, na kilichokuwa cha thamani zaidi kwao kilikuwa kinakuja bure, kama kionjo. Mashine ilipofika na kuifanya ile sehemu yenye bei, ile isiyo na bei ikaondoka na wenyewe.

Mtu atasema hiki ni kikundi cha watu wanne, wakubwa wanajua wanachofanya. Tuwatazame. Square Enix ya Japani ilitangaza Novemba 2025 kwamba inataka asilimia 70 ya kazi za kukagua gemu na kuziondoa hitilafu ziwe zinajiendesha kwa akili mnemba kufikia mwisho wa 2027, ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Hilo ni lengo, na malengo yana tabia zake, lakini kampuni kubwa haiandiki namba kama hiyo kwenye mpango wa biashara kwa ajili ya mapambo. Kwa upande mwingine, si kila mpima anayefukuzwa amefukuzwa na mashine. Februari 2023 wapima zaidi ya 200 wa Apex Legends, gemu ya Electronic Arts, waliokuwa Baton Rouge huko Marekani, walikatishiwa kazi kwa mkutano wa mtandaoni. Kampuni ilisema inaipanua timu yake ya upimaji duniani. Kazi ya mpima ilikuwa nyepesi kuhamishwa kabla haijawa nyepesi kufundishwa mashine, na sababu ni moja: inahesabiwa kwa vipande.

Kisha kuna la gemu ya Cyberpunk 2077, ambalo nililitumia kumjibu developa aliponiambia simu za GB 2 ni tatizo la wachache. Ilitoka Desemba 2020 ikiwa nzuri kwenye kompyuta kali na mbovu kwenye PlayStation 4 na Xbox One za zamani, kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani mwao ndani ya siku chache, ikarudi Juni 2021. Mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyoitengeneza alikiri baadaye kwamba upimaji wao haukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ambayo wachezaji waliyakuta. Ile ilikuwa kampuni yenye fedha na wapima wa kutosha. Kirumba, ukikosea kwa mtu mwenye simu ndogo, humpotezi mchezaji mmoja, unapoteza soko lako lote.

Kuna jambo lingine ambalo mle chumbani hakuna aliyekuwa amelipigia hesabu mpaka tulipolisoma pamoja. Mtu binafsi aliyefungua akaunti ya kuuza programu Google Play baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haruhusiwi kuitoa programu yake kwa umma mpaka iwe imejaribiwa na watu kwa faragha: mwanzoni walitakiwa 20, tangu Desemba 2024 ni 12, kwa siku 14 mfululizo. Baada ya hapo anajibu maswali ya Google kuhusu waliyoyasema wapima na alichokibadilisha. Akaunti ya kikundi ni ya jina la mmoja wao, imefunguliwa 2025. Kwa hiyo swali la kubaki na watu au kutobaki nao lilikuwa limejibiwa na mwenye duka. Wanahitaji kumi na wawili, na walikuwa wamebaki na wanne. Najua kuna wanaouza wapima wa kuazima mtandaoni, wanaipakua tu na kukaa nayo. Developa aliwataja. Nilimuuliza kama hao watamwambia habari za mbalamwezi.

Hoja yake nzito ilikuwa nyingine, na siwezi kuipita. Alisema tunaipima mashine ya leo. Tayari kuna mifumo inayotazama skrini kama mtu, inabonyeza, inasoma maandishi, na kuandika taarifa ya hitilafu kwa lugha safi kuliko ya wale vijana. Ukiifunga kwenye simu halisi ya GB 2, ukaipangia iwe inatoka na kurudi, itamwona hata mwizi wa samaki wa dada wa uwakala. Ni kweli. Na ukiilisha kila kilichoandikwa kuhusu uvuvi wa dagaa, pengine itauliza kuhusu mwezi. Hilo nalo linawezekana. Jibu langu lilikuwa kwamba lazima kwanza kuwe na mtu mle chumbani anayejua kwamba mwezi ni kitu cha kuulizia, na wao wanne hawakujua, ingawa wote wamekulia Mwanza. Kukulia mjini Nyamagana hakukufanyi mvuvi. Gemu yao inauzwa kwa watu wanaojua zaidi yao kuhusu kile kinachochezwa, na hao watu hawajaandika wanayoyajua popote ambapo mashine ingeyasoma.

Nilichoshauri, na walichokikubali baada ya kuvutana kwa jioni kadhaa: kompyuta mpya isinunuliwe sasa, mashine ibaki kwenye laptopu ya zamani na ifanye kazi ya mawe, nguzo na marudio, usiku. Orodha yake ya asubuhi isiende kwa developa moja kwa moja, iende kwa wapima watatu wanaobaki kwa malipo ya wiki yasiyotegemea hesabu. Wao ndio wanaochambua kipi ni hitilafu ya kweli na kipi ni mashine kunogewa na gati. Muda uliobaki wanacheza gemu pale wanapoishi, kwenye simu zao, na chochote wanachosema kinaandikwa, kiwe kimevunjika au hakijavunjika. Kwa zile siku 14 za Google watatafutwa wengine wa muda, wengi wao kutoka mialoni, nao watalipwa kwa siku. Kijana wa dagaa alipigiwa simu arudi. Alirudi kwa bei aliyoitaja mwenyewe, ambayo ilikuwa juu ya ile waliyofikiria.

Hesabu inabaki kuwa sita wamekuwa watatu. Sitaki kulifunika hilo kwa maneno. Waliokosa nafasi ni wale wasio na jambo la pekee wanalolijua, waliokuwa wakijifunza kazi kwa kugonga mawe, na mmoja wao alikuwa ameanza kusoma kodi kwa kuchungulia begani kwa developa. Kugonga mawe kulikuwa mlango wa kuingilia fani hii kwa mtu asiye na cheti, na mlango huo mashine imeufunga. Kwa mji kama Mwanza, ambako vikundi vya gemu ni vya kutafuta kwa tochi, sioni mlango mwingine wa karibu, na kikundi cha watu wanne hakiwezi kudaiwa kuufungua peke yake.

Kuna kipengele kimoja ambacho mkataba mpya haujakimaliza. Developa anataka kurekodi skrini za wapima wanapocheza ili mashine ijifunze kutoka kwao, kama King walivyojifunza kutoka kwa wachezaji wao. Dada wa uwakala amekataa kusaini, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba rekodi itanasa ujumbe wa miamala unaoingia juu ya skrini, namba na majina ya wateja wake, na hapo yuko sahihi kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu hata watu wanne wa chumba kimoja, na wale wateja hawajaombwa ridhaa na mtu. Hilo lina dawa. Rekodi inaweza kuchukuliwa ndani ya gemu bila kugusa sehemu nyingine ya simu.

Sababu yake ya pili haina dawa ya kiufundi. Anasema kama mchezo wake utaifundisha mashine, basi analipwa kwa kufundisha, tena si mara moja. Marekani wapima wa ZeniMax, kampuni ya gemu iliyo chini ya Microsoft, kama 300, waliunda chama cha wafanyakazi Januari 2023, cha kwanza ndani ya Microsoft nchini humo, na mwisho wa mwaka huo walipata makubaliano yanayoibana kampuni kuwaarifu pale matumizi ya akili mnemba yanapoweza kugusa kazi yao. Yeye hajawahi kusikia habari zao mpaka nilipomsimulia. Aliuliza wanalipwa shilingi ngapi. Kikundi kimempa pendekezo la asilimia ndogo ya mapato ya mwaka wa kwanza, naye amelipeleka kwa kaka yake aliyesomea uhasibu. Wanakutana tena Jumamosi baada ya soko kufungwa, na mpaka hapo mashine haitarekodi mchezo wa mtu.